Mgeni wa Saa Kumi

Televisheni ya Datius ilipowaka mara ya kwanza, waya wake ulikuwa umeviringwa na kufungwa kamba ya mgomba nyuma ya kabati. Haukuwa umechomekwa popote, kwa sababu hapakuwa na pa kuuchomeka. Buganguzi mwaka 1975 umeme tuliusikia kwa wanaotoka mjini tu. Na hata umeme ungekuwapo, kituo cha televisheni hakikuwapo Muleba wala Bukoba wala popote Tanzania Bara. Lile sanduku lilikuwa pambo.

Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, mniwie radhi. Sisi Wahaya tunajijua, majivuno tunayo, hilo halina ubishi. Lakini mtu anakaa Uarabuni miaka minane, anafanya kazi kwenye kituo cha televisheni, anafunga na kuwasha zile taa kubwa zinazomulika watangazaji, halafu siku ya kurudi kwao haleti cherehani, haleti hata baiskeli. Analeta sanduku la kioo lisiloonyesha kitu, anasema kazawadiwa kazini. Analiweka sebuleni, analifunika kitambaa cha kufuma, na kila mgeni akiingia kitambaa kinafunuliwa.

"Hii ndiyo televisheni," anasema. "Serikali ikijenga kituo, mtakuja kutazama hapa."

Watu wakatikisa vichwa. Nshomile huyo, msomi wetu. Hakuna aliyemuuliza mtu wa kufunga taa anapewaje zawadi kubwa namna ile, na kwa nini kila akiulizwa habari za huko alikotoka hubadilisha mazungumzo na kuanza kusema bei ya kahawa.

Mkewe aliitwa Jovita. Alimwoa mwaka aliorudi, binti wa Kimwani, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kila siku alasiri alifundisha kinamama thelathini kwenye ghala la kahawa la kijiji, wengine wana wajukuu, wote wakijiandaa kwa mtihani. Jovita alikuwa na sauti. Akisema "a" ghalani, watoto walio kisimani ng'ambo ya bonde waliitikia "a". Akicheka, unajua ni nani anacheka na kwa nyumba ya nani. Ile sauti ndiyo iliyokuwa mkate wake, na ndiyo iliyokuwa fahari yake, na wale kinamama walisema bila hiyo wasingejua hata kuandika majina yao.

Siku yenyewe mvua ilikuwa inanyesha. Jiko lilivuja, kwa hiyo Ma Kokwijuka, mama yake Datius, aliingia sebuleni na ndizi zake na kisu chake, akakaa mkekani kumenya. Alikuwa peke yake. Saa kumi jioni alisikia mchakacho, kama mvua ya kwanza inayopiga majani makavu, lakini ulitokea kabatini. Kukaja na harufu ya vumbi lililoungua, na nyuma yake harufu ya ubani. Halafu kile kitambaa cha kufuma kikawa cha buluu.

Mama mtu alishtuka, kisu kikamkata kidole. Akainuka, akakivuta kitambaa.

Ndani ya kioo alikaa mwanamke. Nywele amezichana nyuma, herini za lulu masikioni, karatasi mkononi. Alimtazama bibi moja kwa moja usoni na midomo yake ikawa inakwenda, polepole na kwa adabu, kama mtu anayeamkia. Sauti haikutoka.

Mtu mwingine angekimbia. Wewe ungekimbia, na mimi ningekutangulia. Lakini Ma Kokwijuka alilelewa na bibi yake jirani na kwa mtemi, na huko alifunzwa kwamba mgeni akikuamkia ndani ya nyumba yako, hata kama hujui alikotokea, unapiga magoti na kumwitikia. Akapiga magoti, akaitikia. Kisha akafanya kile ambacho kila Mhaya hufanya kabla hata ya kuuliza habari: akatwaa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akachukua tunda moja, na kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba kuonja kwanza ili mgeni asiogope sumu, akalipasua kwa meno. Tunda la kahawa lina punje mbili. Moja akaitafuna. Ya pili akaiweka chini ya kioo, kwa kidole kilekile kilichokuwa kinatoka damu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Unaongea na sauti haitoki. Yangu imeshaishia kwenye uzee. Ningekupa ya mkamwana wangu, anayo ya kugawa." Akacheka mwenyewe kwa utani wake.

Mwanamke wa kwenye kioo akaacha kusogeza midomo. Akatabasamu. Kioo kikazimika, na ile punje haikuwapo tena. Bibi alidhani kuku kaila.

Jioni ileile Datius alisimulia kichekesho mezani. Jovita akafungua mdomo, mabega yakamtikisika, machozi ya kicheko yakamtoka, na hakukusikika kitu. Wote wawili wakamtazama. Akajishika koo, akakohoa, akasema, "Nadhani ni mafua."

Kesho yake majina yakaondoka. Alimjua kila mwanafunzi wake, lakini akitaka kumwita "Theopista" kinatoka kipumzi tu. Keshokutwa nyimbo zikaondoka. Aliweza kusema "maji", hakuweza kusema "mvua". Kila ikifika saa kumi alisikia kitu kinachomoka kooni, bila maumivu, kama mtu anayeng'oa karanga taratibu asikate mzizi, na ikipita saa kumi kuna maneno hayapo.

Siku ya sita alikuwa mbele ya ubao, ghalani, chaki mkononi, kinamama wamekaa juu ya magunia ya kahawa wakisubiri aseme neno la kuandika, na mdomo wake ukafunguka wenyewe, na ndani yake ikatoka sauti ya mwanamke mwingine, tulivu, iliyonyooka kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari, katika lugha ambayo hakuna hata mmoja pale aliyeijua, ikaendelea na kuendelea, huku macho ya Jovita mwenyewe yametoka kwa hofu na mikono yake yote miwili inajaribu kuufunga ule mdomo na haiwezi, na harufu ya ubani ikifunika harufu ya kahawa, mpaka mama mmoja akaanza kusali rozari kwa sauti na wengine wakatoka mlangoni wakisukumana.

Habari ikamfikia Datius kabla mkewe hajafika nyumbani. Ma Kokwijuka naye akamweleza yule mgeni wa kwenye kioo. Sasa sikilizeni swali aliloliuliza. Hakuuliza, "Mgeni gani?" Hakuuliza, "Kioo kiliwakaje?"

Aliuliza, "Alivaa herini za lulu?"

Jovita alikuwa amesimama mlangoni. Alilisikia, na hakulisahau.

"Unamjua," akasema. Hilo neno bado alikuwa nalo.

"Simjui mtu. Msiseme nje," Datius akanong'ona, anatazama dirishani. "Mkisema nje mtaniletea balaa."

Akalizungushia sanduku blanketi, akalifunga kamba, akalibeba hadi kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe na kulifukia. Kesho yake saa kumi lilikuwa juu ya kabati, lina majivu na vipande vya majani makavu, linawaka. Wakaleta padri. Padri alinyunyiza maji ya baraka na kioo kikayakausha kama kikaango. Aliahidi kurudi baada ya kuongea na wakubwa zake. Kama alirudi, alipita njia nyingine.

Ikafika wiki ya tatu. Jovita akawa anaongea na mumewe kwa kuandika kwenye kibao cha darasani. *Ni nani huyu?* Datius anafuta kwa mkono wa shati. *Ulimfanya nini?* Anafuta. Siku moja aliandika kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika mara tatu: *Mimi ninaisha na wewe unanyamaza.* Datius akachukua kofia akatoka. Mwanaume mzima, mkewe anakauka mbele ya macho yake, yeye anakwenda kunywa lubisi, pombe ya ndizi.

Mwisho Jovita hakumngoja. Aliandika barua kwa Shehe Bashiri wa Bukoba mjini, akampa utingo wa basi. Shehe Bashiri alikuwa fundi redio. Mchana anatengeneza redio, na watu wakishikwa na majini anawasomea, na alikuwa mkweli katika kazi zote mbili. Barua ilisema: *Nimebakiwa na maneno tisa. Njoo kabla ya yale ya mwisho, maana nahisi hayo yakitoka hayarudi.*

Alifika Jumamosi, saa tisa na nusu, na kisanduku cha vifaa na msahafu umefungwa kwenye kanga. Datius alitaka kumzuia mlangoni. Ma Kokwijuka akamwambia mwanawe akae, na sauti aliyoitumia hakuwa ameitumia tangu Datius alipokuwa mtoto.

Shehe hakuanza na dua. Aligeuza televisheni, akafungua skrubu za nyuma, moja baada ya nyingine, akaondoa kifuniko. Akatazama kwa muda.

"Bwana Datius," akasema kwa upole, "sanduku hili ulipewa na nani?"

"Kazini."

"Walikudanganya. Ndani hamna kitu. Wameng'oa kila kilichomo. Ni ganda."

Datius akasogea kuona. Kweli, lilikuwa tupu kama kibuyu. Ndani kulikuwa na mchanga mwekundu usio wa kwetu, na katikati ya mchanga punje ya kahawa, imechipua majani mawili mabichi. Datius aliketi bila kutafuta kiti.

Na saa kumi ikafika. Kifuniko kikiwa bado kiko sakafuni, lile ganda likawaka. Mchakacho ukajaza chumba, ubani ukawaziba pumzi, na yule mwanamke akawa pale na herini zake. Jovita alisimama kama aliyeinuliwa kwa kwapa. Kioo kikisogeza midomo, yeye ndiye anatoa sauti. Ilikuwa ile sauti tulivu ya taarifa ya habari. Shehe alijibu kwa lugha ileile, akasoma aya, akasoma tena, jasho linamtiririka. Kisha akanyamaza na kuwageukia wenyeji.

"Nimemwamuru atoke," akasema chini chini. "Anasema hakuingia kwa wizi. Amekula kahawa ya nyumba hii, tunda moja, punje yake ina damu ya mwenye nyumba. Anasema yeye ni ndugu hapa. Bibi, anasema kweli?"

Ma Kokwijuka alitazama kidole chake, ambapo kovu la kisu lilikuwa jipya. Kila mzee wa kwetu anajua. Watu wawili wakigawana punje mbili za tunda moja, na damu ikawamo, hiyo ni omukago, udugu wa kuapa. Ndugu wa omukago hafukuzwi. Akiomba unampa, na ukiomba anakupa. Bibi alikuwa amefunga udugu bila kujua, na katika utani akamtaja mkamwana wake kama zawadi.

"Ni kweli," akasema. "Na mimi ndiye niliyempa sauti ya mtoto huyu. Nilisema kwa mdomo wangu." Akaanza kulia, kisha akajizuia kwa hasira. "Ni maiti huyu?"

"Maiti harudi. Lakini kila binadamu huzaliwa na jini wake, anaitwa karini. Mtu akiuawa kwa dhuluma, mwenza wake hubaki na uchungu. Huyu amevaa sura ya binadamu aliyekuwa wake. Anamwita Sada. Anasema mwanao anamfahamu Sada."

Wote wakamgeukia Datius.

"Sema," mama yake akamwambia.

Datius akasema, akitazama sakafu, kwa sauti ambayo ilibidi waiinamie. "Alikuwa mtangazaji. Kulikuwa na mgomo bandarini. Walikufa watu arobaini na mmoja. Nilitumwa kufunga taa chumba cha maiti, nikawaona, wana matundu ya risasi. Nikayaandika majina yao yaliyofungwa miguuni, nikampa Sada. Jioni wakubwa wakamletea karatasi asome kwamba waliungua kwa moto. Akaisoma. Halafu akaiweka mezani, akatazama kamera, akasema walipigwa risasi."

"Ikawaje?"

"Taa zikazimwa. Mimi ndiye niliyeambiwa nizizime. Wakatuweka mstari, wakauliza nani amempa habari. Sada hakunitaja. Alinitazama tu, alingoja niseme kwamba niliona." "Nikasema sijui kitu. Nikasema amebuni. Wakamchukua. Baada ya siku tatu wakanipa televisheni na tiketi ya kurudi nyumbani."

Ma Kokwijuka alikuwa amezika watoto wanne. Datius ndiye pekee aliyebaki, na tangu mwaka alioondoka bibi huyu alipeleka mshumaa kanisani kila Jumapili ili arudi salama. Sasa akajua salama yake ililipwa na nani.

Akageukia kioo, akapiga magoti tena. "Ndugu yangu," akasema, "nawe nakuomba, kama omukago unavyotaka. Nirudishie sauti ya mkamwana wangu."

Jovita akajibu kwa sauti ya Sada, na Shehe akafasiri. "Anasema ombi la ndugu hawezi kulikataa. Ataiacha. Lakini hakuja kwa ajili ya sauti ya mwanamke huyu. Anataka ya yule aliyeona. Asimame mwenyewe, leo, pale ghalani, mbele ya watu, aseme aliyoyaona na ayataje yale majina. Akifanya hivyo, yeye ataondoka na hatamdai mtu tena. Akikataa, itabidi wewe bibi useme achukue sauti ya nani."

Nafasi ilikuwa hiyo, ndugu zangu. Hakuna aliyemtaka afe, wala kwenda jela. Alitakiwa kutembea hatua mia mbili na kusema kweli mbele ya majirani zake.

"Siwezi," Datius akasema. "Wana watu kila mahali. Kuna wageni hadi Bukoba. Watanifuata."

"Datius. Mkeo anakuwa bubu kwa ajili ya mdomo wako."

Naye akasema, na haya ndiyo maneno ya mwisho yaliyotoka mdomoni mwake, na Shehe Bashiri aliyarudia mara nyingi kwa kuapa, kwa sababu watu hawakumwamini:

"Watu wanaishi bila kusema, mama. Atazoea."

Ma Kokwijuka akainuka magotini taratibu, mkono mmoja kiunoni. Alimtazama mwanawe kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa akiiba ndizi kwenye kibanja cha mwingine.

"Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua," akasema. "Siku tisa. Nilidhani nabeba mtu." Akageukia kioo. "Mchukulie ya kwake."

Mchakacho ukakatika. Datius alifungua mdomo kubisha na hakikutoka kitu, hata kipumzi. Akapiga meza, akajishika koo, akamwendea mama yake kwa mikono iliyonyooshwa, midomo inakwenda, inakwenda, polepole na bila sauti.

Jovita alianguka mkekani. Alipoinuka alikohoa mara moja, akajaribu jina la kila mwanafunzi wake, yote thelathini, mpaka watu wa kisimani wakasikia. Kisha akasimama mbele ya mumewe.

"Utazoea," akamwambia.

Kesho yake alirudi kwao Kimwani, akaendelea kufundisha huko hadi alipostaafu.

Lakini jini alipata alichokitaka, na alichokitaka hakukipeleka mbali. Kila siku saa kumi, kioo kikiwa cheusi, sauti ya Datius ilitoka ndani ya lile ganda, kubwa, safi, kwa Kihaya, ikasikika hadi barabarani: "Mimi Datius wa Buganguzi niliona." Halafu majina, arobaini na moja, hakuna lililorukwa, na la arobaini na mbili lilikuwa la Sada. Siku za kwanza watu walijaa uani. Baadaye wakachoka, wakaogopa, na mwenyekiti wa kijiji akaja na vijana wanne na machela ili lile sanduku likatupwe ziwani.

Walimkuta Ma Kokwijuka amekaa mkekani mbele ya kabati, shavu karibu na kioo. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Mwenyekiti akamweleza kwa heshima zote kwamba kijiji kimekubaliana.

"Mkiitupa," bibi akauliza, "mwanangu nitamsikia wapi?"

Datius alikuwa amekaa pale pale, kando yake, bega kwa bega.